Ndizi katika Banda la Hewa

Watu wa kilima kile walimcheka Danstan kwa sababu ya hewa.

"Upepo wote huu unaoangusha migomba," walisema, "halafu bwana Danstan anachoma dizeli ili watu wapumue!"

Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akachoka. Ukimweleza mtu jambo asubuhi, ukamrudia mchana, na jioni akakuuliza lile lile huku anakenua meno, hata uwe mpole namna gani utafika mahali utatamani kumvuta masikio. Na Danstan hakuwa mpole kiasi hicho. Upole wote aliokuwa nao alikuwa ameuweka akiba kwa ajili ya mtu mmoja tu, na upole huo ndio uliokuja kumponza.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi wamiminike Ngara, na kambi iliyokuwa bondeni, upande wa Keza, ilikuwa ikinywa maji ya kuletwa na magari. Gari likikwama kwenye matope, watu walishuka kuchota bwawani na watoto wakaanza kuharisha. Shirika moja la maji likaleta tangi kubwa la chuma, likalisimamisha kilimani. Kabla ya kujazwa, lilitakiwa kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwa ndani, na rangi hiyo ilikuwa kali kweli kweli. Tangi lilikuwa na tundu moja tu ubavuni, la kupita mtu aliyejikunja. Mtu akiingia na pua yake tupu, kabla hajamaliza kopo la kwanza anaanza kuimba peke yake. Ukimwacha aendelee kuimba, anaanguka.

Kwa hiyo mpakaji alivaa kofia iliyomfunika kichwa chote mpaka mabegani, yenye kioo mbele na mpira wa hewa kisogoni. Mpira huo ulitoka nje ya tangi, ukapita kwenye chujio, ukaishia kwenye kompresa iliyokuwa bandani. Kompresa inavuta hewa ya nje, inaishindilia, inaisukuma mpaka kwenye kofia. Basi.

"Kinachoingia kwenye pua ya mashine ndicho kinachoingia kwenye pua ya mtu," Danstan aliwahubiria kila siku, akionyesha kile kidude cha chuma ambacho kompresa ilivutia hewa. "Mashine haitengenezi hewa. Inabeba tu. Ukiipa uchafu, inabeba uchafu."

Alikuwa na sababu ya kuhubiri. Kabla hajarudi kwao Ngara alifanya kazi Mwanza, kwenye yadi ya meli, kupaka rangi matumbo ya meli. Huko aliona kijana mwenzao akitolewa ndani ya meli na kofia yake kichwani, imefungwa vizuri, hewa inatoka vizuri, naye amekufa. Lori lilikuwa limeegeshwa karibu na pua ya kompresa. Lilikuwa linanguruma tu, linamsubiri dereva amalize chai. Moshi wa injini una sehemu unayoiona na kuinusa, na hiyo chujio inaipunguza. Lakini una sehemu nyingine isiyo na rangi wala harufu, na hiyo chujio haiijui kabisa. Inapita. Tangu siku ile Danstan hakuwahi kunywa chai karibu na lori.

Sasa banda la kompresa alilijenga mwenyewe: miti minne na bati juu, ukuta hakuna hata mmoja. Aliitega mashine ili upepo unaotoka upande wa Burundi uifikie pua kwanza, na bomba la moshi liteme nyuma, upande wa bondeni. Alikuwa ameomba bomba refu la kuipandisha pua juu ya bati, ambako hakuna moshi utakaofika. Bomba linakuja, aliambiwa. Liliendelea kuja.

Mafundi rangi walikuwa wawili, wakipokezana. Mmoja aliitwa Ndayisaba, mkimbizi, mtu mzima wa maneno machache aliyekuwa akipaka majumba kwao kabla ya vita. Wa pili alikuwa Bukuru, shemeji yake Danstan, mdogo wake Zita, mke wa Danstan. Mmoja akiwa ndani, mwenzake alikaa tunduni ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliye ndani. Unavuta kamba, wa ndani anavuta kujibu. Asipojibu, unamtoa. Kompresa ilikuwa chini ya Frednand, dereva wa trekta wa zamani, mtu mwema ambaye udhaifu wake ulikuwa sahani.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana sahani ilipikwa na Deodata.

Deodata alikuwa mama mkwe wake Danstan. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya kilima, na mradi ulipohitaji mpishi wa wafanyakazi, yeye ndiye aliyekuwa jirani. Danstan alipopata habari, mama alikwisha kuwasha jiko. Ungedhani ni jambo jema, mama kupikia watoto wake. Lakini katika ukoo ule, mkwe na mama mkwe hawakutani ovyo. Hawatazamani usoni. Hawatajani majina. Wakikutana njiani, mkwe anaingia majanini mpaka mama apite. Hamkaribii alipokaa, wala hagusi alichokitandaza. Neno likiwepo, linatumwa kwa mdomo wa mwingine. Danstan alikuwa ameishika adabu hiyo tangu aoe, na watu walimsifia. Kwa hiyo mchana wafanyakazi wakila kivulini, msimamizi wao alikula peke yake nyuma ya tangi, kwenye jua, mgongo umegeuzwa.

Asubuhi moja alikuta mikungu ya ndizi bandani.

Ilikuwa mikungu ya ndizi za pombe, mibichi, imepangwa vizuri upande wa nyuma, pale pale bomba la moshi linapotemea. Juu yake yametandazwa majani ya migomba. Danstan alisimama mbali akaitazama.

"Frednand! Hizi ni nini?"

"Ndizi, bosi."

"Naona ni ndizi. Zinafanya nini hapa?"

"Zinavundikwa." Frednand alishusha sauti. "Za mama. Ni za pombe ya Bukuru, ile ya kupeleka ukweni. Kuni hakuna, bosi, unajua mwenyewe. Mama ameona hapa pana joto la bure."

Hilo la kuni lilikuwa kweli, na Danstan alilijua. Kabla ya kambi, ukitaka kuvundika ndizi unachimba shimo, unalitandika majani, unazipanga, unafunika, unachoma moto pembeni joto na moshi viingie. Sasa vilima vilikuwa vimenyolewa. Maelfu ya watu walikuwa wakipika, na mti uliobaki ulikuwa ule wa kanisani. Mwanamke alitembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni, na huo ni wa ugali, si wa pombe. Halafu hapa kuna mashine inatema joto na moshi kutwa nzima, karibu na jiko lake. Deodata hakuwa mjinga. Kwa mtu aliyevundika ndizi maisha yake yote, kompresa ilikuwa shimo tayari, moto wake hauzimiki.

Danstan aliikodolea macho mikungu ile. Mtu mwingine angeibeba akaitupa nje. Yeye aliona kitenge cha mama mkwe kimekunjwa juu yake, akarudi nyuma.

Jioni alimwambia Zita.

"Mwambie mama yako azitoe. Zinaziba njia ya moshi. Moshi ukirudi kwenye pua ya mashine, anayeuvuta ni Bukuru. Ataua mtu."

"Nitamwambia," Zita alisema.

Na kweli alimwambia. Jinsi alivyomwambia, Danstan alikuja kujua baadaye. Zita hakuweza kumpelekea mama yake neno la kuua kutoka kwa mkwe. Hakuna binti anayeweza. Kwa hiyo alilisafisha njiani. "Mama, mkweo anakusalimu sana. Ameziona ndizi zako, amezisifu. Ila anahofu mashine isije ikazichafua na mafuta yake."

"Mkwe wangu ana moyo," Deodata alijibu. "Mwambie asihofu. Nitazifunika vizuri."

Kesho yake Danstan alikuta turubai la bluu, lile la kambini walilokuwa wakiliita shitingi, limezungushiwa nyuma ya banda na ubavu mmoja.

Aligonga paji la uso kwa ngumi. Akamwita Frednand nyuma ya tangi.

"Nenda kwa mama. Mwambie hivi, usipunguze: banda lina moshi mwingi, haufai, haufai kabisa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bosi."

Frednand alikwenda. Deodata alikuwa anapakua maharage, na sahani ya Frednand ndiyo ilikuwa mkononi. Mtu akiona maharage yake yako hewani, hawezi kuwa mkali. "Mama," alisema, "mkweo analalamika kidogo moshi."

Deodata alishika kinywa kwa aibu. Kumfukizia mkwe moshi! Alfajiri iliyofuata alipanda na beseni la udongo wa mfinyanzi na mzigo wa majani ya migomba, akaziba ubavu wa pili na kila tundu la turubai, akakandika chini na juu, ili moshi usitoke kumsumbua mkwe wake. Upande uliobaki wazi ulikuwa ule wa mbele, nao alikuwa ameutundikia gunia dhidi ya manyunyu.

Danstan alitaka kulia. Alitaka kucheka. Alitaka kuacha kazi, arudi Mwanza, aoe mwanamke asiye na mama.

Siku hiyo Bukuru alitoka ndani ya tangi akiwa ameshika kichwa.

"Kinagonga?" Danstan alimuuliza.

"Kinagonga. Na magoti yamelegea. Malaria hii, shemeji. Nimemeza klorokwini."

"Si malaria. Ni banda. Bukuru, yule ni mama yako mzazi, wewe huna mwiko naye. Nenda ukamwambie azitoe zile ndizi leo hii."

Bukuru alicheka, ingawa kicheko kilimuumiza. "Nikamwambie mama atupe pombe ya mchumba wangu? Shemeji, ile kofia nimeivaa mimi. Haina harufu ya moshi hata kidogo."

"Haina harufu! Nimekuambia mara ngapi kwamba hiyo mbaya haina harufu?"

"Sasa kama haina harufu, haina rangi, haionekani, wewe umeijuaje?"

Ndayisaba, aliyekuwa anakunja kamba, aliinua macho. "Mimi pia jana kichwa kiliuma," alisema. Akairudia kamba yake. Mkimbizi hakuingia ugomvi wa ukoo wa watu.

Danstan akaizima kompresa.

Kabla injini haijapoa, gari la Pancras likafika. Pancras alikuwa mhandisi wa mradi, mtu wa Bukoba, si mbaya, lakini alikuwa analala na kuamka na ile kambi kichwani. Bondeni foleni ya ndoo ilionekana waziwazi, imepinda mpaka barabarani.

"Kwa nini mmesimama?"

"Banda limezibwa, mhandisi. Moshi unaingia kwenye hewa ya watu."

Pancras aliliangalia banda. "Limezibwa na majani ya migomba?"

"Na ndizi."

"Danstan, unasimamisha maji ya watu wote wale kwa majani ya migomba? Si uyatoe!"

Danstan alitazama chini. "Ni ya mama mkwe wangu."

Pancras, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono, aliurudisha mfukoni. Naye alikuwa na mama mkwe. Wanaume wale wawili walisimama wakiitazama mikungu kwa mbali kama watu waliokuta chui amelala njiani. Mwisho Pancras akakohoa.

"Basi fanya hivi. Kesho nenda Ngara mjini, lile bomba refu liko stoo, nimeambiwa. Ulilete, uipandishe pua juu ya bati, ndizi zibaki zilipo. Hakuna atakayeudhika. Mpaka utakaporudi, mashine isiwashwe."

Ulionekana uamuzi wa busara. Danstan alikubali haraka, tena kwa furaha, kwa kuwa ulimwepusha na lile lililokuwa mbele yake.

Asubuhi aliwaambia wote, kwa sauti: mashine isiwashwe, tangini asiingie mtu. Wote wakaitikia. Akapanda lori kwenda mjini.

Stoo ya Ngara ilikuwa imefungwa. Mtunza stoo alikuwa msibani. Danstan alikaa kwenye ngazi, akasimama, akakaa. Mtunza stoo aliporudi alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua.

"Bomba," Danstan alisema.

"Lilifika, ndiyo. Lilipakiwa kwa makosa na vifaa vya wenzetu wa Biharamulo. Liko Biharamulo."

"Lirudishwe basi."

"Litarudi. Mpaka upatikane msafara wa polisi, ndugu yangu. Pale msituni majambazi wamezidi, magari hayapiti peke yake."

Danstan alimwangalia yule bwana mstaarabu, na kwa mara ya kwanza alihisi kwamba ustaarabu ni ugonjwa, na kwamba wilaya nzima imeambukizwa. Alitoka bila kuaga.

Lori lililomrudisha lilikuwa na magunia ya unga wa kambini. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, ukungu umeshuka, na upepo, ule upepo wote waliokuwa wakimchekea, ulikuwa umekufa kabisa. Kwenye kona ya mwisho, kabla kilima hakijaonekana, aliisikia kompresa.

Aliruka kabla lori halijasimama.

Yaliyotokea yalikuwa mepesi, na kila aliyehusika alikuwa na nia njema. Ndizi zilibakiza siku moja tu kuiva. Kesho yake wakamuaji wa ndizi walikuwa wamealikwa. Mashine kulala imezimwa siku ya baridi ile, ndizi zingepoa, zingegoma, na pombe ya posa ingekuwa ya aibu. Deodata akamwomba Frednand awashe kidogo tu, zipate joto. Kutia joto ndizi si kutia mtu tangini, Frednand aliwaza. Bosi alikataza kazi. Akawasha. Naye Bukuru, kuona mashine inanguruma na kipande cha ukuta wa tangi alichokianza kimebaki kidogo, akasema dizeli isiungue bure. Akavaa kofia, akaingia.

Danstan alimkuta Ndayisaba tunduni, anavuta kamba, uso umembadilika.

"Hajibu," Ndayisaba alisema. "Sasa hivi alikuwa anajibu. Nimevuta mwili, umekwama kwenye ngazi ya ndani."

Ndayisaba alikuwa amekwisha kuichukua kofia ya pili, ya akiba kwenye kompresa ile ile, ili aingie. Danstan alimshika mkono.

"Usiingie! Hewa ya kofia hiyo ndiyo iliyomwangusha. Ukiingia mtakuwa wawili."

Na kuzima mashine hakukuwezekana, maana Bukuru angebaki na harufu ya rangi peke yake. Mashine ilitakiwa iendelee, ila ipewe hewa safi. Sasa hivi. Danstan aligeuka akalitazama banda. Mbele ya gunia, juu ya kigoda, amejifunika kitenge, alikuwa amekaa mama mkwe wake, anapasha mikono joto.

Alikimbia. Miguu yake, iliyozoea kuingia majanini, ilitaka kukata kona, na aliihisi ikitaka. Akaenda moja kwa moja.

"Deodata!" alipiga kelele, akimtazama usoni. "Deodata, ondoka hapo! Mwanao anakufa!"

Frednand alidondosha sahani. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo walisimama. Deodata alibaki ameduwaa, si kwa sababu ya neno la kufa, hilo halikumfikia bado. Jina lake lilikuwa limemziba masikio. Danstan alimshika mkono akamwinua, akamsogeza kando na kigoda chake. Akararua gunia, akararua turubai, udongo ukamwangukia kichwani. Akaikumbatia mikungu akaitupa nje mmoja mmoja, na mikungu ikabingirika kilimani kuelekea kambini, ndizi za njano zikichomoka. Alishika jani kubwa akapepea moshi mbali na pua ya mashine, na Frednand, aliyezinduka, akashika jingine.

"Pepea! Usiache!"

Alirudi tunduni. Alivaa kofia ya pili, akasubiri huku anahesabu moyoni mpaka mpira ujisafishe, na huko kusubiri ndiko kulikomtesa kuliko yote. Kisha akaingia.

Bukuru alikuwa amelala kifudifudi, guu limenasa kwenye ngazi, brashi bado mkononi. Danstan alilinasua guu, Ndayisaba akavuta kamba kutoka nje, Danstan akasukuma. Walimlaza kwenye majani, wakamvua kofia. Midomo yake ilikuwa myekundu, imependeza kama ya mtoto mwenye afya, na rangi ile Danstan aliikumbuka tangu Mwanza.

"Bukuru! Pumua! Pumua, nakuambia!"

Manyunyu yalimlowesha uso. Ndayisaba alimgeuza ubavu, akamsugua mgongo kwa nguvu, akimwita kwa Kirundi kama anavyoitwa mtu aliyelala. Kifua kikatikisika. Bukuru akatapika, akavuta pumzi iliyosikika mpaka bandani, akatapika tena.

Hapo ndipo lile neno lilipomfikia Deodata.

"Mawe, mama yangu!" alilia. Akaja, akapiga magoti, akakishika kichwa cha mwanawe. Danstan naye alikuwa amepiga magoti pale pale. Nyuso zao zilikuwa karibu kuliko zilivyowahi kuwa, na hakuna aliyejificha.

"Ni moshi wa ndizi?" Deodata aliuliza.

"Ni moshi wa mashine. Ndizi ziliufungia ndani."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua tangu mkungu wa kwanza. Nilimtuma Zita. Nikamtuma Frednand. Nilituma watu, mabukwe, mama mkwe wangu!"

Deodata alimtazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mimi nina masikio," alisema. "Nilikuwa hapa kila siku, hatua chache kutoka kwako. Mwanangu anavuta sumu, na wewe unakula nyuma ya tangi unanionea haya?"

Danstan aliinama, akamfungua Bukuru kamba kiunoni.

Bukuru alipelekwa hospitali kwa gari la Pancras, akawekwa kwenye oksijeni, akarudi. Kichwa kiliendelea kumuuma kwa wiki kadhaa, na alikuwa akisahau alichotumwa. Posa iliahirishwa. Ndizi zililiwa na watoto wa kambini, nao walizisifia sana.

Kisha wazee wa ukoo wakakaa. Mkwe alikuwa amemtaja mama mkwe kwa jina mbele za watu, amemtazama, amemshika mkono, ametupa ndizi zake. Walisema wanaelewa alichokusudia, walimshukuru kwa kijana, na wakamtoza mbuzi na mtungi wa rubisi, pombe ile ile ya ndizi. Danstan alilipa. Usiku ule hasira ilimkaba asilale. Alikuwa ametozwa kwa lile moja alilolifanya sawasawa. Kwa siku zote alizonyamaza kwa adabu, hakuna mzee aliyemuuliza kitu. Siku hizo walizisifia.

Kazi ilianza tena. Bomba lilifika kutoka Biharamulo, na mdomo wake haukulingana na pua ya kompresa. Danstan alilitazama, akaliegemeza kwenye tangi, wala hakutukana. Alilirudisha banda kuwa miti minne na bati. Ndayisaba alimaliza sehemu kubwa ya ukuta peke yake, mpaka Bukuru alipopata ruhusa ya daktari.

Asubuhi ambayo Bukuru angeingia kwa mara ya kwanza, Deodata alipanda kilima mapema. Danstan alimwona anakuja, akaanza kuelekea nyuma ya tangi kwa mazoea. Zita alikuwa amesindikizana na mama yake, tayari kupeleka maneno.

Deodata alimpita binti yake. Alikuja mpaka karibu na banda, akageuka akampa Danstan mgongo kama adabu inavyotaka, akafunga kitenge vizuri. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, bila kumtuma mtu:

"Danstan. Mwanangu aingie, asiingie?"

Danstan aliinua mkono kupima upepo. Aliliangalia banda, pua, bomba la moshi, barabara kama kuna gari. Aliangalia tena.

"Bado, mama," alijibu. "Upepo haujaja."

Deodata akaketi chini, mgongo bado umegeuzwa, akamshika Bukuru mkono asisogee, na wote wakaungoja upepo.